Mshumaa wa Chuma

Mtaa mzima ulimwita mama huyu Chuma, na hata padri, akijisahau, alimwita hivyo hivyo mbele ya watu. Jina hilo alilipata enzi alipokuwa bado anaona, siku msimamizi wa karakana ya masweta alipotaka kuziba dirisha pekee la chumba cha mashine ili apate ukuta wa kuwekea rafu. Chuma hakupiga kelele wala hakuita mtu. Alipanda akakaa dirishani, mgongo nje, miguu ndani, bakuli lake la chakula mapajani. Fundi alikuja na ndoo ya saruji akamkuta hapo, akangoja, akachoka, akaenda zake. Saruji ikagandia ndooni, na dirisha lipo mpaka leo.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma wala kubisha hodi. Dunia ilimfungia kutoka pembeni, taratibu, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye adabu, mpaka akabaki na kitundu kimoja katikati, halafu kitundu nacho kikafumba. Aliyempeleka hospitali, aliyekaa naye kwenye benchi, aliyemshika mkono daktari alipokuwa akitafuta maneno, ni dada yake mkubwa.

Dada huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha uwanja mzima wa watoto bila kipaza sauti. Tangu siku ile ya hospitali alijitwika kazi ya kumwonea mdogo wake. Alimwonea njia, alimwonea chumvi kwenye mboga, alimwonea hatari ambazo mwenye macho mawili mazima asingezigundua. Neno hilo la kumwonea lina pande mbili, na Chuma, ingawa alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani ukimtoa binti yake, alikuwa akilisikia zaidi kwa upande wa pili.

Basi akawa anapigania kimoja kimoja. Alipigania jiko, mpaka akaachiwa kupika. Alipigania barabara, mpaka madereva wa eneo lile wakaizoea fimbo yake nyeupe na namna anavyoishika mbele kama mtu anayekwenda kudai haki. Alipigania kazi. Msimamizi mpya wa karakana alidhani anatania, lakini Chuma alikaa kwenye mashine yake ya zamani, akapapasa safu ya sindano kuanzia mwisho hadi mwisho, na kufikia saa ya kutoka alikuwa amefuma mgongo mzima wa sweta la shule. Rangi alizitambua kwa mafundo ambayo binti yake aliyafunga kwenye ncha za nyuzi kabla ya kuzipanga kapuni. Alikosea mara kwa mara, kama wengine wote. Alipokosea alifumua na kutukana kidogo, kisha akaanza upya.

Kilichobaki kilikuwa mshumaa.

Kanisani kwao, kila mwanzo wa Februari, waliadhimisha sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni. Ni siku ya kumkumbuka mtoto Yesu alivyopelekwa hekaluni na wazazi wake, na mzee Simeoni, aliyengoja maisha yake yote, akampokea na kumwita mwanga wa mataifa. Kwa ajili ya neno hilo, jioni ya siku ile waumini hukusanyika nje, padri hubariki mishumaa, moto hutoka kwenye mshumaa mkubwa ukapita mtu hadi mtu, kisha watu wote huzunguka kanisa wakiimba na kuingia ndani na mwanga mikononi. Wengine huipenda zaidi Krismasi kwa sababu ya nguo na chakula. Chuma aliipenda hii. Tangu utotoni hakuwahi kuikosa, isipokuwa mwaka aliokuwa na uchungu wa kumzaa binti yake, na hata siku hiyo alimwuliza mkunga kama mishumaa imeshawashwa.

Mwaka uliopita ndipo balaa lilipotokea. Maandamano yalisimama ghafla kwenye kona ya ukumbi wa parokia, Chuma hakusimama, na mshumaa wake ukagusa mtandio wa mtu aliyekuwa mbele yake. Mtu huyo alikuwa dada yake. Ulikuwa moto mdogo wa kuzimwa kwa kofi moja. Kofi lenyewe alilipiga katekista, mwalimu wao wa dini, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mwalimu mkuu mstaafu akaingia kanisani na tundu kwenye mtandio na alama za vidole shingoni. Chuma aliomba radhi mara nyingi, na dada akasema yameisha. Lakini yale ya moto shingoni hayaishi kwa kusema.

Ndiyo maana, mwaka huu, ilipobaki wiki moja, dada alisimama mbele ya waumini baada ya Komunyo kama mwenyekiti wa kamati ya liturujia, ile inayopanga ibada, akatangaza utaratibu mpya. Kwa ajili ya usalama, wazee sana, wasioona, na wenye mikono isiyotulia hawatatembea kwenye maandamano. Watawekewa benchi mlangoni pa kanisa, wakae kwa heshima, na kila mmoja atapewa mshumaa wa betri. Waumini wote wanaombwa kushirikiana, na mtu yeyote asiwawashie mishumaa ya moto, hata wakiomba. Alisema yote hayo kwa upole, na watu wakapiga makofi, kwa sababu lilionekana kuwa jambo la huruma.

Baada ya Misa mmoja wa wanakamati alimwekea Chuma mshumaa wake mkononi. Aliugeuza geuza. Ulikuwa wa plastiki, mwepesi, wenye mshono ubavuni na swichi ndogo chini. Aliubonyeza. Akaupeleka puani, kisha shavuni.

"Hii ni tochi imevalishwa kanzu," akasema, akaurudisha.

Jioni ile dada alikuja nyumbani. Binti alikuwa akiosha vyombo jikoni na alisikia kila kitu, maana nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na kuta zake hazikuwa na siri. Mwanzoni walizungumza kama ndugu. Dada alieleza jinsi kamati ilivyojadili, jinsi ilivyofikiria kila mtu, jinsi hakuna aliyetajwa kwa jina. Chuma akauliza kama katekista naye atakaa kwenye benchi, kwa kuwa Pasaka iliyopita alichoma kitambaa cha altare na bado ndiye mwenye kushika kiberiti.

"Katekista anaona," dada akasema.

"Alikuwa anaona alipokichoma."

Jikoni binti akabana kicheko. Dada hakucheka. Alisema hamkatazi mtu kuja kanisani, anamkataza kuungua. Alisema yeye ndiye atakayeulizwa, yeye ndiye atakayekaa hospitalini, na kwamba tangu mwaka jana akihisi joto kidogo tu nyuma ya shingo anashtuka. Chuma akamwambia anaelewa, na kwamba mwaka huu atakuwa mwangalifu. Dada akasema uangalifu hauna macho. Wakaenda hivyo, neno kwa neno, sauti zikipanda ngazi, mpaka dada akachoka na kusema lile alilokuwa amelishikilia.

"Hebu niambie ukweli. Wa moto na wa betri, kwako kuna tofauti gani? Kwani wewe unauona huo mwanga?"

Maji jikoni yakaacha kumwagika.

Dada alijua amefika pabaya, na kama angekuwa mtu mwingine angeomba msamaha papo hapo. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi mno mbele ya ubao, na hakuzoea kufuta alichoandika darasa likiwa linatazama. Alichukua mkoba wake, akasema chai ilikuwa nzuri, ingawa hakuinywa, akaondoka.

Chuma alikuwa ameshaambiwa maneno makali zaidi na watu wasiomhusu. Kuna aliyewahi kumwambia barabarani kwamba kama haoni si akae kwake, na alimjibu jibu ambalo halifai kuandikwa. Hili la dada lilimwingia kwa sababu lilikuwa swali, tena la haki. Kesho yake karakanani alifuma sweta lenye mkono mmoja wa mtoto na mwingine wa mtu mzima, wenzake wakalining'iniza ukutani kama bendera, naye akacheka nao huku moyoni akijiuliza lile lile. Hakuuona mwanga, hilo halikuwa na ubishi. Hata kivuli chake hakukiona. Labda alikuwa anang'ang'ania mshumaa kama mtu anayeng'ang'ania ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Wazo hilo lilimtia uchungu kuliko swali lenyewe, na alilibeba siku nzima, likamnyima hamu ya chakula.

Siku iliyofuata, binti aliporudi kutoka kazini (alikuwa muuguzi, na wiki hiyo alikuwa zamu ya mchana), mama yake alimwomba amsomee somo la sikukuu. Binti akakaa kitandani bado na sare yake, akasoma. Alisoma jinsi wazazi walivyoingia hekaluni na mtoto wao, na jinsi mzee Simeoni alivyowapokea.

"Rudia hapo," Chuma akasema.

Binti akarudia, pale mzee anapompokea mtoto mikononi mwake.

"Tena."

Akasoma mara ya tatu, akauliza kuna nini hapo. Mama yake alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya kifua, viganja juu, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Kisha akaishusha, akasema anataka kiberiti.

Binti alikuwa upande wa mama mkubwa wake, na alimweleza mama yake hivyo bila kumficha. Kazini aliona watu walioungua, tena wengi, na wengi wao walikuwa wanaona vizuri. Lakini alimjua aliyemzaa. Alijua kwamba akikataa, kiberiti kitatafutwa yeye akiwa kazini, na kuna mtu atawasha moto nyumbani peke yake. Akafungua droo. Kabla ya kutoa kiberiti alitoa kwanza dawa ya majeraha ya moto, akaiweka mezani ikiwa wazi.

Kwenye ujia wa kutoka sebuleni hadi mlango wa nyuma ndipo Chuma alipojifunza upya kushika mshumaa. Aligundua kwamba kiwiko kikibanwa kwenye mbavu mkono haupepesuki. Aligundua kwamba kiganja cha mkono wa pili, kikitangulia mbele ya moto, kinamwambia kama moto umesimama au umelala, na kwamba ukitembea haraka moto unakurudia usoni, ukitembea kwa utulivu unabaki mahali pake. Aligundua mlio wake pia, mdogo sana, kama mtu anayepumua kwa siri. Nta ikamdondokea kwenye kifundo cha mkono, ya moto kweli, na yeye akasema, "Eh, umenikumbuka," badala ya kulia.

Siku ya tatu binti alijifunga mtandio kichwani, akasimama mbele yake, akamwambia amfuate. Mara ya kwanza alisikia joto likimkaribia shingoni, akasema, mama yake akarudi nyuma. Mara ya pili alisimama ghafla kwa makusudi, na Chuma, ambaye sasa alikuwa akisikiliza nyayo badala ya wimbo, akasimama naye. Wakaenda na kurudi, wakaenda na kurudi, mpaka ujia wote ukanuka nta. Mwishoni binti alikuwa akitembea bila kugeuza shingo. Pumzi yake tu ndiyo ilikuwa imebadilika, na Chuma akajua analia, akajifanya hajui.

Asubuhi ya Jumamosi akamwendea mzee Breki.

Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, na jina lake lilitokana na tabia yake ya kusimama ghafla kila alipoona mtu wa kumsalimu njiani. Siku hizi mikono yake ilitetemeka tangu anapoamka hadi anapolala, chai alikunywa kwa mrija, na mshumaa wake wa betri alikuwa ameupokea bila neno akauweka juu ya runinga. Chuma alimwambia anachotaka kufanya. Breki akasema yeye gari lake limeshaegeshwa, anashukuru Mungu, aachwe. Akasema moto wenyewe utazimika kabla hajafika getini.

"Ukizimika utaomba tena," Chuma akamwambia. "Kwani wenye mikono mizuri yao haizimiki?"

Breki alivuta chai yake kwa mrija. Kisha akakiri kwamba wakati kamati inatangaza, na watu wanapiga makofi, alijisikia kama mzigo ulioshushwa njiani. Hakumwambia mtu. Sasa alitaka kujua jinsi gani ataushika, maana mkono ni mkono, hauambiliki. Hilo alilitatua binti: mshumaa ukachomekwa kwenye kopo la bati lililojaa mchanga, kopo likashikwa kwa mikono miwili. Breki akalijaribu. Kopo lilitetemeka, mchanga ukachezacheza, mshumaa ukabaki umesimama. Akacheka mpaka akakohoa.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Jua lilikuwa limeshuka lakini giza halijaingia, na watu walijaa nje ya kanisa wakiwa na mishumaa yao isiyowashwa. Benchi lilikuwa mlangoni, limefunikwa kitambaa cheupe, na wazee kadhaa walikwishakaa wakiwa na vimwanga vyao vya plastiki mapajani. Mwanakamati mmoja alimshika Chuma kiwiko kumwelekeza. Chuma alimshukuru, akauondoa mkono wake kwa adabu, akaendelea mbele kwa fimbo yake kuelekea mahali sauti ya padri ilikotokea. Nyuma yake alikuja Breki na kopo lake, binti akiwa ubavuni.

Padri alishabariki mishumaa na moto ulianza kugawanywa. Chuma aliomba kwa waliokuwa jirani yake. Alisikia watu wakijisogeza. Mmoja akanong'ona pole, mama, tumeambiwa. Akaomba upande wa pili, na huko nako kukawa kimya. Mishumaa ya moto ilimzunguka kila upande, alisikia joto lake na harufu yake, na wake ulikuwa baridi kama kijiti. Hapo uso ukamwaka kwa aibu, na kwa dakika hiyo angeweza kugeuka na kwenda kukaa. Fimbo yake ilikwisha kugeuka. Akairudisha mbele, akatembea mpaka ikagusa kinara cha mshumaa mkubwa.

"Padri," akasema, "naomba moto."

Padri alikuwa kijana, hana muda mrefu parokiani, na ilisemekana anamwogopa mwenyekiti wa kamati ya liturujia kuliko askofu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kamati iliamua, na kwamba si kwa ubaya. Chuma akamwambia anajua si kwa ubaya. Watu wakaanza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyonyamaza kwenye foleni mtu anapoanza kubishana na karani. Dada alikuwa anakuja, kila mtu alisikia viatu vyake kwenye changarawe.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, halafu unifukuze ukitaka," Chuma akasema, na sasa hakunong'ona. "Yule mzee Simeoni tunayemsherehekea leo. Alikuwa mzee, amengoja mpaka amechoka. Hivi mikono yake haikutetemeka? Macho yake yalikuwa mazima? Na mama mzazi akampa mtoto mchanga amshike. Hakuna aliyemwambia, mzee, kaa kwenye benchi, utamwangusha. Hakuna aliyempa mwanasesere. Huo ndio mwanga tunaousema hapa. Simeoni hakuutazama kwa mbali, aliushika mikononi. Sasa nyinyi mnaniambia mimi na mzee Breki mikono yetu haifai. Nani kawaambia?"

Dada alikuwa amefika, amesimama upande wa kulia wa mdogo wake.

Padri alimtazama mwenyekiti wake. Alitazama kopo la Breki, likitetemeka. Baadaye aliwaambia watu kwamba alikuwa ameandaa mahubiri marefu kuhusu maana ya mwanga, na kwamba alipomsikia yule mama aliona hana haja ya kuyatoa. Pale pale alichofanya ni kuchukua mshumaa wake mwenyewe kutoka kwenye kinara kidogo, na kuuinamisha juu ya mshumaa wa Chuma. Mikono yake nayo ilitetemeka, ikambidi ajaribu tena. Utambi ukashika. Chuma akapeleka kiganja, akausikia moto umesimama, akasema amina. Kisha Breki akawashiwa.

Maandamano yakaondoka, wimbo ukaanza. Chuma alimpa binti fimbo, akabana kiwiko mbavuni akatembea. Baada ya hatua chache akagundua kitu: nyayo za mbele yake zilikuwa mbali, na za pembeni zilikuwa mbali vilevile. Watu walikuwa wamemwachia uwanja.

"Wanatukwepa kama lori la petroli," Breki akasema nyuma yake, na hakuonekana kukasirika.

Chuma alikasirika. Angeweza kutembea hivyo hadi mwisho, na angetembea, lakini uchungu ulimrudia, wa kuwa ndani ya maandamano na bado kuwa peke yake. Hapo akasikia viatu. Vilikuja kutoka mbele, kinyume na wimbo, watu wakivipisha. Vikafika, vikageuka, vikashika nafasi mbele yake kabisa, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni ya nguo za dada yake.

"Nimevaa mtandio," dada akasema bila kugeuka. "Ukinichoma tutaonana nyumbani."

"Usisimame ovyo, basi."

Wakatembea. Sauti ya dada ilikuwa imekauka, na Chuma aliyeijua tangu utotoni alisikia hofu ndani yake. Mabega yake bila shaka yalikuwa juu, shingo imejikaza, ikingoja joto. Lakini hakuongeza mwendo. Kwenye kona ya ukumbi waliokuwa mbele walisimama ghafla, kama mwaka jana, na dada akasimama, na Chuma akasimama. Moto haukusogea. Kwa nafasi hiyo ndogo dada akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba lile neno lake la siku ile halikuwa neno la kumwambia mtu.

"Lilikuwa kweli," Chuma akamwambia. "Siuoni, dada. Lakini naubeba. Na huu wa kwangu, wewe ndiye unayeuona."

Dada alipangusa uso kwa ncha ya mtandio, wakaendelea.

Upepo uliwapiga walipokuwa upande wa nyuma wa kanisa. Mishumaa mingi ilizimika, ya wanakwaya, ya vijana, ya katekista mwenyewe, na kwa muda watu wote wakawa wanaombana moto huku na huku bila kujali nani kamati imemtaja na nani haikumtaja. Wa Breki ulizimika mara mbili, na mara zote mbili akalinyoosha kopo lake kwa yeyote aliyekuwa karibu, akawashiwa. Wa Chuma ulizimika getini. Alihisi kiganja kimepoa. Kabla hajafungua mdomo, dada alikwisha kugeuka na wa kwake. Ile nafasi iliyokuwa wazi kuwazunguka haikuonekana tena, na mtu mmoja asiyemjua alimkanyaga Chuma mguu, jambo lililomfurahisha sana.

Kwenye benchi, wazee wawili waliinuka walipoona maandamano yanarudi, wakaweka plastiki zao chini, wakajiunga na mkia. Wengine walibaki wamekaa kwa sababu miguu iliwauma, na hakuna aliyewalaumu. Ndani ya kanisa Chuma alishika mshumaa wake mpaka ulipotangazwa wakati wa kuzima, na alikuwa wa mwisho kupuliza. Mkononi alikuwa na malengelenge mawili ya nta, ambayo binti aliyapaka dawa baadaye akimsimanga, na shingo ya dada haikuguswa.

Sanduku la mishumaa ya betri lilirudishwa sakristia, kwenye chumba cha vyombo vya ibada. Watoto waliigundua, na kwa wiki kadhaa ilikuwa ikionekana kwenye madirisha ya mtaa, ikimetameta, mpaka betri zikaisha. Kuhusu utaratibu mpya, kamati haikuufuta wala kuuthibitisha. Baada ya Misa wanakamati wawili walikuja kulalamika kwa mwenyekiti kwamba mamlaka yao yamedharauliwa mbele ya watu, naye aliwasikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wazazi wa wanafunzi, akawaambia ametia maanani.

Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakatoka pamoja uani. Chuma alikuwa na njaa, na alisema hivyo. Dada akamwambia asijidanganye kwamba ameshinda, maana suala la usalama liko pale pale, na mtu aliyeungua si wa kuambiwa habari za moto. Mwakani, alisema, kamati itakaa tena.

"Ikae," Chuma akajibu. "Mimi nitasimama."